Bei ya Maji katika Kilimo

Bei ya maji katika kilimo ni malipo anayotozwa mkulima kwa maji ayatumiayo kumwagilia shamba, ama kwa kiasi alichochota, ama kwa ukubwa wa shamba, ama kwa kibali alichopewa. Na hoja ya waitakao ni kwamba kitu kisicholipiwa hufanyiwa israfu, ilhali kilicholipiwa hutumiwa kwa uangalifu. Hoja hii ni sahihi kwa sharti moja, kwamba malipo yapande na kushuka pamoja na maji yenyewe. Sharti hilo likikosekana, bei hubaki kuwa ushuru tu.

Katika Gitting, kata ya Wilaya ya Hanang nchini Tanzania, iliyo kando ya Mlima Hanang, jambo hili ni geni kwa sehemu kubwa, kwa kuwa ngano, mahindi na maharage ya huko hutegemea mvua, na mvua haina mtoza ada. Walakini mtu akichepusha kijito ili apande mboga wakati wa kiangazi, huwa ameingia katika mamlaka ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao yake Singida, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 humtaka awe na kibali na alipe ada ya matumizi.

Namna ada ya aina hiyo inavyofanya kazi ilionekana bayana katika Usangu, kusini mwa nchi, ambako Mto Ruaha Mkuu, unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, ulianza kukauka kila kiangazi tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilieneza vibali na ada kwa wenye mifereji, na katika baadhi ya skimu ikajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma mahali pa yale ya kale yaliyofanywa kwa magogo, mawe na majani. Banio la kale lilivuja, na kwa kuvuja kwake watu wa chini ya mto walipata haki yao, na mafuriko yalipokuja lilichukuliwa likajengwa upya. La zege halivuji wala halichukuliwi, na lango likifunguliwa wakati wa kiangazi laweza kumeza karibu mto mzima. Kibali kilitaja lita kwa sekunde, lakini aghalabu mdomoni mwa mfereji hapakuwa na kipimo, wala idadi ya lita haikupungua mto ulipopungua. Wachunguzi waliokaa huko waliona kwamba aliyelipa alijihesabu kuwa amenunua haki ya kuchota kadiri awezavyo, na kwamba mapato, kwa wakulima wadogo, hayakutosha hata kugharimia ukusanyaji wake.

Kinyume chake ni falaji za Omani, yaani mifereji ya jadi ya kumwagilia mashamba. Huko maji hugawanywa kwa muda, na kipande kimoja, kiitwacho athar, ni takriban nusu saa. Baadhi ya vipande ni milki ya watu, na vingine hukodishwa mnadani, na fedha hutengeneza mfereji. Bei hupanda maji yanapoadimika, mbele ya macho ya wote, na anayenunua nusu saa hukatiza usingizi wake ili tone lisipotee. Israeli ilifika huko huko kwa njia ya mita, bei ikipanda kwa kadiri mtu alivyozidisha matumizi.

Hata hivyo, pale bei inapofanikiwa, lazima itazamwe inakopeleka maji yaliyookolewa, kwani mkulima aliyeacha kujaza maji majaruba na kufunga mabomba ya matone mara nyingi huongeza ekari kwa maji yale yale, naye aliye chini ya mto asione tofauti yoyote.

Basi mkulima wa Gitting atakapoletewa hati ya ada ya mfereji, na aulize kabla ya kulipa: maji haya hupimwa wapi, na ni nani atakayefunga lango mto ukipungua?