Kabla ya kununua gramafoni iliyotumika, kagua haya

ANAYERITHI santuri za benga, rumba au taarab kutoka kwa wazazi wake aghalabu hugundua kwamba hana mashine ya kuzichezea. Gramafoni mpya ni ghali, hivyo wengi hutafuta iliyotumika. Lakini gramafoni mbovu huharibu santuri, na nyingi za zile zilizotolewa humu nchini katika miaka ya 1970 hazitengenezwi tena. Kwa hivyo, mnunuzi ajiulize kwanza iwapo mashine itazihifadhi santuri zake, ndipo aulize bei.

Jambo la kwanza ni sindano. Ncha yake ya almasi hulika polepole inapopita katika mfereji wa santuri. Ikishachakaa, hukwaruza kuta za mfereji huo, na sauti iliyofutika hivyo hairudi tena. Madhali ni vigumu kuutambua uchakavu huo kwa macho, ni salama kuichukulia sindano iliyokuja na mashine kuwa imekwisha. Uliza mapema kama mpya ya aina hiyo ingali yapatikana, na uijumlishe gharama yake katika bei.

Pili, ukague mkono unaobeba sindano. Usukume taratibu, unapaswa kwenda na kurudi bila kukwama. Nyuma yake kuwe na uzani wa kurekebisha mgandamizo, ambao kwa mashine nyingi za kisasa huwa takriban gramu 1.5 hadi 2.5. Iwapo uzani huo umepotea, usinunue.

Tatu, tazama sahani ikizunguka. Isiyumbe wala kunguruma, na ijaribiwe kwa kasi zote mbili, 33 na 45. Katika mashine za mkanda, mpira hulegea kwa miaka lakini ni rahisi kubadilisha. Zile ambazo mota huzungusha sahani moja kwa moja, kama vile Technics SL-1200 iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1972, hudumu sana, ingawa mota ikifa gharama huwa kubwa.

Nne ni umeme, na hapa ndipo wengi huponzwa. Kenya hutumia volti 240 na hezi 50, ilhali Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hezi. Kwa sababu hiyo, mashine ya Marekani ambayo kasi ya mota yake hufuata hezi za umeme itazunguka mara 28 hivi kwa dakika badala ya 33, na mwimbaji atasikika kama anayesinzia. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Fauka ya hayo, sauti itokayo kwenye sindano za kisasa ni hafifu, hivyo huhitaji amplifaya yenye sehemu maalumu ya gramafoni. Nazo gramafoni za kale za kuzungushwa kwa mkono zina sindano nzito za chuma zilizokusudiwa santuri ngumu za kasi ya 78; zitaitafuna santuri ya plastiki mara moja.

Unapokwenda kununua, beba santuri unayoijua vyema, lakini isiwe ile unayoienzi zaidi. Muuzaji akikataa kuiwasha mashine mbele yako, shika njia uondoke.