Mkuu wa Bendi Asiye na Cheo



Gwaride linapopita, macho ya raia humfuata yule anayeitangulia bendi. Leo tunamzungumzia mkuu wa bendi wa namna nyingine, ambaye daftari la jeshi halikumtambua: kiongozi na mtungaji wa ngoma ya Beni.

Beni ilizaliwa Mombasa na Lamu katika miaka ya 1890. Vijana walizisikia bendi za kijeshi za wageni, wakaunda zao, wakajigawia vyeo vya kingi, jenerali na daktari. Katika Tanganyika ya Wajerumani vilitokea vyama viwili hasimu, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa mwendo wa miguu na zaidi kwa nyimbo. Hapo ndipo mtungaji alipopata heshima yake, kwani yeye ndiye aliyempa mpinzani jibu.

Vita ya 1914 iliisambaza Beni kupitia askari na wapagazi. Katika Rhodesia ya Kaskazini wapagazi hao waliitwa tenga-tenga. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Beni haikusalimu amri. Kutoka mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi kwa Chifu Puta, wanaume walikwenda kutafuta kazi Katanga, baadaye Ukanda wa Shaba, na huko migodini Beni ilichezwa kila pumziko la juma.

Mwezi Mei 1935 serikali ya kikoloni ilipandisha kodi ya wachimbaji kutoka shilingi 12 na nusu hadi 15. Mufulira waligoma, Nkana wakafuata, kisha Luanshya, ambako polisi walifyatua risasi na watu sita wakafa. Tume ya Sir Alison Russell ilipoundwa kuchunguza, ngoma ya Beni nayo ilihojiwa, kana kwamba ni mshitakiwa! Wakubwa hawakuweza kustahimili kuona Waafrika wakijipanga safu kwa amri ya Mwafrika mwenzao, hata kama ni kwa kucheza tu. Sisi tunaoifahamu kwata hatuna haja ya kuuliza hofu hiyo ilitoka wapi. Lakini kodi ndiyo iliyowatoa watu kazini, si ngoma.

Beni haikufa hapo. Mwaka 1951 mtaalamu J. Clyde Mitchell aliikuta Luanshya nduguye, Kalela, akaiandikia kitabu mwaka 1956. Tarumbeta zilikuwa zimetoweka. Ngoma zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Kingi alikuwapo, na daktari katika joho jeupe, na muuguzi. Kiongozi alitunga nyimbo za kuisifu nchi yake ya nyumbani na kuyatania makabila mengine, naye alizitunga katika Kibemba cha mjini, ili hata yule anayetaniwa aelewe kila neno.