Fimbo za pool za mafundi: Mchezaji hununua nini hasa?

KATIKA kumbi nyingi za pool, fimbo huegemezwa ukutani zikimngoja yeyote aliyelipia mchezo. Moja imepinda, nyingine imepoteza ngozi ya nchani, na mchezaji huokota ile iliyo afadhali. Huko Marekani umejengeka utamaduni mwingine. Mchezaji huenda kwa fundi, hueleza uzito, unene na urari anaoutaka, hulipa sehemu ya fedha, kisha husubiri kwa miezi na pengine kwa miaka.

Fimbo ya namna hiyo huweza kugharimu kuanzia mamia ya dola hadi makumi ya maelfu. Swali ambalo wachezaji wamelijadili kwa zaidi ya nusu karne ni moja: Je, fedha hizo hununua mchezo bora, au hununua uzuri na jina?

Jibu lake limo ndani ya fimbo yenyewe. Tabia ya fimbo inapougusa mpira hutokana zaidi na sentimita chache za mbele, ilhali bei yake hutokana zaidi na kazi iliyofanywa nyuma. Anayelifahamu hilo hapotezi fedha zake bure, wala hadharau kazi ya fundi.

Fimbo na viungo vyake

Fimbo ya kawaida ya pool ya Kimarekani ina urefu wa takriban sentimita 147 na uzito wa kati ya gramu 510 na 600. Nyingi zina vipande viwili vinavyounganishwa katikati kwa parafujo. Kipande cha nyuma ni kinene na ndicho kinachoshikwa. Cha mbele ni chembamba na huishia kwenye unene wa takriban milimita 13.

Ncha hubandikwa ngozi, ambayo ndiyo peke yake inayopaswa kuugusa mpira mweupe. Chini ya ngozi hiyo huwapo pete ndogo, aghalabu nyeupe, inayokinga mti usipasuke. Mahali pa kushikia huviringishwa uzi wa kitani, na ule wa Ireland ndio uliopata sifa zaidi kwa kuwa hunyonya jasho na hautelezi.

Kipande cha mbele kwa desturi hutengenezwa kwa mti wa maple, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Mti huo ni mgumu, hunyumbulika kiasi na nyuzi zake huweza kunyooka toka mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo subira ya fundi inapoanza kuonekana. Mti haukerezwi mara moja hadi unene wake wa mwisho. Fundi huondoa utando mwembamba, huuning'iniza mti upumzike, kisha hurudia tena na tena kwa muda wa miezi au miaka. Kipande kinachopinda katikati ya safari hiyo hutupwa. Mnunuzi wa fimbo ya fundi hulipia pia vipande vile ambavyo hakuviona.

Chimbuko la majina makubwa

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, jina lililotajwa sana lilikuwa la Herman Rambow wa Chicago, aliyefariki dunia mwaka 1967. Mabingwa Willie Hoppe na Willie Mosconi walikuwa miongoni mwa waliotumia kazi ya mikono yake.

Jina lililokuja kuzidi yote ni la George Balabushka. Alizaliwa Urusi mwaka 1912, akahamia Marekani na familia yake mwaka 1924, na akafanya kazi ya useremala mjini New York. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutengeneza fimbo kwa ajili ya marafiki. Hadi alipofariki mwaka 1975 inakadiriwa kwamba alikuwa ametengeneza zipatazo 1,000 hivi.

Balabushka hakuanzia kwenye gogo. Mara nyingi alichukua fimbo za kampuni ya Brunswick zilizoitwa Titlist, ambazo sehemu yake ya nyuma ilikuwa imeunganishwa kwa miti miwili iliyochongwa kama vidole na kuingizwa mmoja ndani ya mwingine. Muungano huo ndio unaoacha zile pembe ndefu zilizochongoka ambazo hadi leo ni pambo mashuhuri la fimbo. Baadaye alinunua miti iliyoandaliwa na Burton Spain wa Chicago na Gus Szamboti wa Pennsylvania.

Szamboti mwenyewe, aliyefariki mwaka 1988, alikuwa fundi wa daraja hilo hilo, na mwanawe Barry akaurithi ufundi huo. Kwa upande wa California, Ernie Gutierrez, kwa alama yake ya Ginacue, alijulikana kwa njumu za kupendeza. Mwaka 1968, Dan Janes na Bill Stroud walianzisha Joss katika jimbo la Maryland, kabla kila mmoja hajashika njia yake.

Sifa za Balabushka ziliwafikia hata wasiocheza pool kupitia filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Martin Scorsese na kuigizwa na Paul Newman na Tom Cruise. Humo, fimbo ya Balabushka hutolewa kama zawadi ya thamani. Kinyume na wengi walivyodhani, fimbo iliyoonekana kwenye filamu ilikuwa ya Joss, iliyotengenezwa ifanane na ya Balabushka. Watazamaji hawakuona tofauti yoyote.

Jinsi zinavyocheza

Wachezaji huzungumzia mguso wa fimbo kama wanywaji wa kahawa wanavyozungumzia ladha. Husema hii ni ngumu, ile ni laini, nyingine inanyumbuka. Maneno hayo yana maana, mradi ijulikane yanatoka wapi.

Fimbo zilizofuata nyayo za Balabushka na Szamboti huwa na kiungo cha chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho huongeza uzito katikati na kuusogeza urari mbele kidogo. Sauti yake ni kali na mkono hupata taarifa ya haraka. Wanaozipenda husema kwamba hujua kosa lao kabla mpira haujafika shimoni.

Southwest ni mfano wa shule nyingine. Kampuni hiyo ilianzishwa na Jerry Franklin na ikajijengea jina mjini Las Vegas. Alipofariki mwaka 1996, mjane wake Laurie aliendeleza kazi. Fimbo zake hujulikana kwa pembe sita, parafujo nene na kiungo bapa ambacho hukutanisha vipande viwili uso kwa uso. Kipande chake cha mbele huongezeka unene mfululizo kuanzia karibu na ncha, hivyo hakinyumbuki sana. Mguso wake huelezwa kuwa mzito na imara, na foleni ya kuisubiri imekuwa ya miaka mingi.

Kinyume chake ni fimbo za Bob Meucci, zilizopendwa sana katika miaka ya 1970 na 1980. Kipande chake cha mbele hubaki chembamba kwa urefu mkubwa zaidi na hunyumbuka, na mguso wake ni laini. Mchezaji aliyezoea Southwest akikabidhiwa Meucci huweza kukosa mipira rahisi kwa saa nzima ya kwanza. Fimbo si mbovu. Mkono wake umefundishwa lugha nyingine.

Kipimo cha maabara

Ubishi huo ulipata mwanga mpya mwaka 1994, pale kampuni ya Predator ilipoingiza sokoni kipande cha mbele cha aina mpya, kilichoitwa 314. Kabla ya hapo, watengenezaji wake walikuwa wametumia roboti waliyoiita Iron Willie, iliyoweza kurudia pigo lile lile bila uchovu wala woga.

Jambo walilolipima ni kuchepuka kwa mpira mweupe. Mchezaji anapoupiga mpira huo upande wa kushoto ili uzunguke, hauendi moja kwa moja mbele. Huchepuka kidogo kulia. Umbali ukiwa mrefu, kidogo hicho hutosha kulikosa shimo. Kila mchezaji hodari amejifunza kuelekeza fimbo pengine ili kufidia, hata kama hajui kwamba anafanya hivyo.

Ilibainika kwamba kiasi cha kuchepuka hutegemea zaidi uzito wa sehemu ya mbele kabisa ya fimbo. Sababu ni kwamba ngozi hukaa kwenye mpira kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa muda huo mfupi, mtikisiko wa kwenda upande haupati nafasi ya kufika mbali. Ni sentimita chache tu za mbele zinazoshiriki katika kuusukuma mpira kando. Predator wakaipunguza uzito sehemu hiyo kwa kuitoboa ndani na kuiunga kwa vipande vingi vya mti, na mpira ukachepuka kidogo zaidi kuliko awali.

Maana yake ni nzito kwa mnunuzi. Kiungo cha chuma au cha mti, njumu nne au arobaini, uzi wa kitani au ngozi, vyote hivyo hubadili urari, sauti na hisia ya mkononi. Haviamui mpira uende upande gani. Ngozi ya nchani, umbo lake, unene na uzito wa sehemu ya mbele ndivyo vyenye kauli kubwa zaidi.

Mwaka 2016 kampuni hiyo ilitoa Revo, kipande cha mbele cha nyuzi za kaboni, na kampuni nyingine zikafuata. Kaboni haipindi kwa unyevu, haichubuki kirahisi na hufanana kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kwa wakazi wa mwambao, ambako hewa ya chumvi na unyevu huupinda mti, faida hiyo si ndogo.

Orodha ya mabingwa nayo inatoa ushahidi. Earl Strickland, mmoja wa wachezaji wakali zaidi katika historia ya mipira tisa, kwa miaka mingi alicheza na Cuetec, fimbo ya kiwandani. Shane Van Boening alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 2022 akitumia fimbo ya kampuni hiyo hiyo.

Pembe za ndovu na mpingo

Upo upande wa fimbo hizi unaoigusa Afrika moja kwa moja. Kwa miongo mingi, mafundi walitumia pembe za ndovu kwa viungo, pete za nchani na njumu. Waliisifu kwa weupe wake na sauti yake, na fimbo za zamani zenye pembe bado hutafutwa na wakusanyaji.

Nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo, na mwaka 2016 Marekani iliibana mno biashara ya ndani pia. Mwenye fimbo ya kale yenye pembe anayevuka nayo mpaka bila vibali anaweza kunyang'anywa, hata kama aliinunua kihalali zamani. Mafundi wengi sasa hutumia vitu vya kutengenezwa badala yake.

Miti nayo haikusalimika. Abunusi hupendwa kwa weusi wake, na mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ni miongoni mwa miti migumu inayotumiwa na baadhi ya mafundi. Tangu mwaka 2017, jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, imewekwa chini ya uangalizi wa mkataba huo huo.

Kwa anayetaka kununua

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika soko la fimbo hata kizuri kina nakala zake. Baada ya kifo cha Balabushka, fimbo za kiwandani zilizobeba jina lake zilitengenezwa kihalali, mbali na za kughushi. Jina pekee halithibitishi mkono uliofanya kazi. Fimbo ya bei kubwa huhitaji kuchunguzwa na mjuzi asiye na maslahi katika mauzo.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aiviringishe fimbo juu ya meza, kwanza ikiwa imeungwa, kisha kila kipande peke yake. Atazame kama nyuzi za mti wa mbele zimenyooka. Apige mipira mirefu bila mzunguko, kisha kwa mzunguko wa pembeni, aone inachepuka kiasi gani. Ajue pia meza atakayochezea: fimbo yenye ncha ya milimita 13 imekusudiwa mipira ya Kimarekani ya takriban milimita 57, wakati meza nyingi za mtindo wa Kiingereza hutumia mipira ya takriban milimita 51 na ncha nyembamba zaidi.

Mwenye fedha kidogo hana sababu ya kukata tamaa. Ngozi nzuri iliyobandikwa na fundi makini kwenye fimbo iliyonyooka huleta mabadiliko makubwa kuliko njumu za thamani. Jambo la pili ni kubaki na fimbo hiyo hiyo, kwani mkono hujifunza kufidia kuchepuka kwa fimbo moja, na kila inapobadilishwa somo huanza upya.

Hiyo ndiyo thamani ya kweli ya fimbo ya fundi kwa mchezaji. Imetengenezwa kwa kipimo chake, haibadiliki kati ya leo na mwakani, na humwondolea kisingizio. Akikosa mpira, hana cha kuitupia lawama fimbo; hurudi mezani akajifunze.