Mwindaji wa World of Warcraft: uwezo wake vitani

Mwindaji ni mojawapo ya fani tisa ambazo mchezaji aliweza kuchagua World of Warcraft ilipofunguliwa tarehe 23 Novemba 2004. Mchezo huo wa mtandaoni ni wa kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment. Wachawi nao hupiga kwa mbali, lakini mwindaji peke yake ndiye aliyeutegemea upinde, upinde wa mtambo au bunduki kuwa silaha yake kuu, pamoja na mnyama aliyemfuga mwenyewe. Katika majaribio ya mwaka 2004 fani hii iliingizwa mwisho kabisa, na haraka hiyo ilionekana: mnamo Septemba 2005 mpangilio wa vipaji vyake ulibidi ufumuliwe na kusukwa upya.

Wanaomchambua mwindaji huanza na hesabu ya madhara, yaani kila mshale unaumiza kiasi gani. Hesabu hiyo ina manufaa, ila haifiki kwenye kiini. Nguvu ya mwindaji wa toleo la kwanza ilikuwa kuamua yeye, si adui, pambano lifanyike kwa umbali gani. Karibu kila mbinu aliyopewa, na karibu kila udhaifu aliobebeshwa, ulihusu yadi.

Masafa yake yalifika yadi 35, na aliyewekeza katika kipaji cha jicho la mwewe aliongeza yadi 6. Chini ya yadi 8 upinde haukufanya kazi. Silaha za mkononi nazo, shoka au mkuki, zilifika yadi 5 tu. Kati ya 5 na 8 palibaki ukanda butu ambamo mwindaji hakuweza kupiga mshale wala kuchoma mkuki. Alibaki kumtegemea mnyama wake na miguu yake. Mchawi mjanja alimgandisha kwa barafu hapo hapo, akasimama yadi sita kutoka kwake, akamchoma taratibu. Anayelaani ukanda huo ana haki yake, lakini ndio uliowatenganisha wawindaji hodari na wapiga mishale wa kubahatisha, kwa sababu hapakuwa na kifaa cha kununua ili kuuziba.

Njia ya kuukwepa ilikuwa kumburuza adui. Mshale wa kumshtua ulipunguza mwendo wake kwa asilimia 50 kwa sekunde 4. Adui akikaribia mno, mwindaji alimkata kwa silaha ya mkononi pigo la kumlemaza, akatoka mbio, akageuka na kufyatua. Siri ilikuwa kwenye mshale wa kawaida, unaojifyatua wenyewe kwa kufuata kasi ya upinde. Mwindaji alihitajika kusimama nusu sekunde tu kabla haujatoka. Muda mwingine wote alikuwa huru kukimbia. Aliyeijua mizani hiyo aliweza kumzungusha jitu nusu ya bonde bila kuguswa.

Mshale wa kulenga ulifuata mantiki nyingine. Ulichukua sekunde 3 kuuvuta, na wakati huo mshale wa kawaida haukutoka. Mwenye upinde wa kasi alijikuta akijinyima mishale miwili ili apige mmoja mzito. Ndiyo maana silaha za taratibu, zinazopiga pigo moja zito kila baada ya sekunde tatu hivi, zilitafutwa sana hata pale ambapo wastani wa madhara yake kwa sekunde haukuvutia. Mshale wa kulenga ulianzwa mara tu baada ya wa kawaida kutoka, kisha ukafuata ule unaotawanyika kwa maadui watatu. Mshale wenye sumu ya nyoka ulidondoa uhai wa adui kwa sekunde 15 na uliwafaa zaidi maadui wanaokimbia.

Mnyama alipatikana katika daraja la 10. Alikula, alikasirika, na furaha yake ilihesabika: akiwa na huzuni aliuma kwa asilimia 75 ya nguvu yake, akiwa na furaha kwa asilimia 125. Asiyelishwa aliweza hata kutoroka. Kwa mwindaji aliye peke yake porini mnyama ndiye aliyekaa mbele na kupokea mapigo, na hapo ndipo fani hii ilipojipatia sifa ya kuwa rahisi. Sifa hiyo iliwadanganya wengi. Waliofika daraja la 60 wakiwa hawajawahi kujifunza kumburuza adui walikuwa mzigo katika kundi.

Kujifanya maiti, mbinu ya daraja la 30, kulimfanya adui amsahau mwindaji na kumgeukia mwingine. Kulikuwa na faida ya pili. Mitego haikuweza kutegwa katikati ya pambano, lakini maiti hayumo pambanoni. Basi mwindaji alianguka, akainuka, na katika upenyo huo mfupi akatega mtego wa barafu miguuni pa aliyekuwa akimfukuza.

Katika mashambulizi ya watu 40 ndani ya pango la Molten Core mwindaji alikuwa na kazi isiyofanywa na mtu mwingine. Magmadar, mbwa wa moto mwenye vichwa viwili, hupandwa na kichaa kinachoweza kummaliza mlinzi wa mbele, na enzi hizo mshale wa kutuliza wa mwindaji pekee ndio uliokiondoa. Kitabu cha kujifunzia mshale huo kiliangushwa na Lucifron, jitu linalotangulia. Kwa kuwa mshale wenyewe ulihitaji sekunde 20 kabla ya kutumika tena, wawindaji walipanga zamu, na anayekosa yake alisikika akitajwa kwa jina. Humo humo ndimo lilimopatikana jani lililoongoza kwenye upinde wa Rhok'delar. Masharti yake yalikuwa kuwaua mashetani wanne bila msaada wa mtu yeyote. Akisaidiwa, shetani hutoweka. Sijui mtihani wa fani uliowahi kubuniwa vizuri kuliko huo, maana kila shetani alishindwa kwa mbinu yake, na mbinu zote zilitoka katika mfuko wa mwindaji mwenyewe.

Mabadiliko yaliyofuata yalimwondolea gharama za umbali moja baada ya nyingine. Novemba 2007 upinde uliruhusiwa kuanzia yadi 5, ukanda butu ukafutika. Mwaka 2010, pamoja na toleo la nyongeza la Cataclysm, mana, yaani nishati ya kutumia mbinu, ilibadilishwa kuwa umakini wenye kikomo cha 100, na mishale ikaacha kuhesabiwa. Kabla ya hapo mwindaji alibeba podo lililokula nafasi ya mfuko mzima, na aliyeishiwa mishale katikati ya shambulio aligeuka mtazamaji. Mwaka 2012 masafa ya chini kabisa yaliondolewa pamoja na silaha za mkononi. Kila hatua ilikuwa na sababu ya haki, na bado jumla yake ni mpiga mishale ambaye hana tena haja ya kupima anasimama wapi.

Huenda ndiyo sababu Blizzard ilianza kuigawa fani yenyewe. Toleo la nyongeza la Legion lilipotoka tarehe 30 Agosti 2016, tawi la manusura lilirudishiwa mkuki na kupelekwa mbele kupigana ana kwa ana, na Februari 2025 tawi la walenga shabaha likanyang'anywa mnyama na kupewa tai wa kupeleleza. Mwindaji wa zamani hakupotea, kwani Agosti 2019 kampuni ilifungua upya toleo la awali kwa jina la World of Warcraft Classic. Yadi 5 hadi 8 zilirudi kama zilivyokuwa, na wachawi wa barafu hawakuchelewa kuzikumbuka.