Skrubu Nne

Mwaka jana vijana watatu wa kwaya yetu hapa Nyarugusu walinijia jioni, kwa adabu zote. Wakakaa, wakasalimia, halafu mmoja akalitoa neno walilokuja nalo: "Baba, hii gitaa ya marehemu tuiweke pembeni. Haiko gitaa ya kweli. Iko mbao tu ya hapa kambini." Walikuwa wameona kwenye simu magitaa mekundu yanayong'aa, wakaanza kuchanga ili wanunue moja la dukani.

Sikukasirika. Kijana kupenda kitu kinachong'aa si dhambi. Lakini lile neno, "gitaa ya kweli", lilinikaa kichwani wiki nzima. Gitaa la umeme la kweli ni lipi basi? Waliolitengeneza la kwanza walikuwa na nini mkononi? Nilivyozidi kulifuata swali hilo ndivyo nilivyozidi kuona kwamba historia yake haiko mbali na vibanda vyetu vya mafundi pale sokoni.

Mwanzo wake ni shida ya sauti. Huko Marekani, miaka ya 1920 na 1930, bendi za dansi zilikuwa na tarumbeta na ngoma, na mpiga gitaa alikuwa anakuna nyuzi bila kusikika. Kwenye mwaka 1931 na 1932, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker wa Los Angeles walitoa gitaa dogo la alumini, la kupigwa likiwa limelazwa mapajani. Kwa umbo lake watu waliliita kikaango. Lilikuwa na sumaku na waya, na sauti yake ilitoka kwenye spika.

Kwenye mwaka 1940 hivi, mpiga gitaa aliyeitwa Les Paul alichukua kipande cha mti wa msonobari, nguzo tu ya inchi nne kwa nne, akakifungia shingo, nyuzi na sumaku. Alisimulia mwenyewe kwamba alipokwenda kukipiga mbele ya watu, hawakuvutiwa. Akarudi, akakata gitaa la kawaida katikati, akabandika nusu moja huku na nusu nyingine kule, kama mabawa. Safari hii watu wakafurahi. Sauti ilikuwa ileile! Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, nikawakumbuka vijana wangu watatu.

Mwaka 1948, Paul Bigsby, fundi wa vyuma aliyezoea kazi za pikipiki, alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gitaa la mti mzima. Halafu akaja yule ninayemtaka hasa katika habari hii. Leo Fender alizaliwa mwaka 1909 kule California. Alisomea uhasibu. Jicho lake moja lilikuwa la kioo tangu utotoni. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Fundi redio, ndiyo. Na hakujua kupiga gitaa, wala hakujifunza mpaka alipokufa mwaka 1991.

Pengine kutojua huko kulimsaidia. Wanamuziki walimletea amplifaya zao zilizokufa, akawasikiliza wanavyolalamika, akaliangalia gitaa kama anavyoangalia redio: hiki kitu kikiharibika, kitafunguliwaje? Mwaka 1950 akatoa gitaa la mti mzima ambalo kuanzia mwaka 1951 liliitwa Telecaster. Mwili wake ni ubao bapa uliokatwa na kutobolewa. Shingo haikubandikwa kwa gundi kama walivyozoea mafundi wa magitaa wa zamani. Ilishikwa kwa skrubu nne na kipande cha bati. Shingo ikiisha, unafungua, unaweka nyingine, unarudi kazini jioni hiyohiyo. Mwaka 1954 akafuatisha Stratocaster.

Wenye kampuni kubwa ya Gibson, ambao shingo zao ziliingizwa na kushikwa kwa gundi, walijibu mwaka 1952 kwa gitaa lenye jina la Les Paul, la mahogani na mepo juu yake. Hilo nalo ni kazi nzuri, siwezi kulisema vibaya. Ila moyo wangu uko kwa fundi redio.

Sasa tuingie ndani kidogo. Kinachosikia nyuzi kwenye gitaa la umeme kinaitwa pikapu, na usifikirie gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu: saba elfu, nane elfu, hata zaidi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unausumbua uga wake, na huo msukosuko unazaa umeme kidogo sana ndani ya waya. Amplifaya inaukuza, spika inautoa. Ukizungusha waya mara nyingi zaidi, sauti inakuwa nene na yenye nguvu. Ukipunguza, inakuwa nyembamba na safi.

Kule Fullerton mashine ilizungusha, lakini waya uliongozwa kwa vidole vya mtu. Mmoja wa watu hao alikuwa Abigail Ybarra, aliyeanza kazi mwaka 1956 na kuifanya kwa zaidi ya miaka 50. Wengi pale kiwandani walikuwa watu wenye asili ya Mexico. Kwa kuwa mkono wa mtu haurudii jambo sawasawa mara mbili, hakuna pikapu mbili zilizofanana kabisa. Na kwenye shingo, mahali inapoingia mwilini, fundi aliweka alama kwa penseli. Tadeo Gomez aliandika herufi mbili tu, TG, na tarehe. Mpigaji haoni. Mpaka ufungue zile skrubu nne ndipo unakutana na jina la aliyeichonga.

Mwaka 1965 Fender aliuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Miaka iliyofuata wapigaji wengi walilalamika kwamba kazi imeharakishwa, wakaanza kuyatafuta magitaa ya zamani. Yale ya Gibson ya mwaka 1958 hadi 1960, yenye rangi ya jua linalozama, hayakufika 2,000 na wakati wake hayakuuzika vizuri. Leo moja linaweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mti uleule uliokosa mnunuzi!

Kutokana na hamu hiyo wakatokea mafundi wa kurudi nyuma. Wapo Marekani, Ulaya, Japani. Wanafungua gitaa la miaka ya 1950, wanapima unene wa shingo, wanahesabu mizunguko ya waya, halafu wanatengeneza jipya moja moja kwa mkono. Wanapaka rangi nyembamba ya aina ile ya zamani, ambayo inapasuka na kuchakaa kadiri linavyopigwa. Fender wenyewe walifungua karakana maalumu mwaka 1987, na katikati ya miaka ya 1990 wakaanza kuuza magitaa mapya yaliyokwanguliwa makusudi ili yaonekane yamezeeka. Wengine wanawacheka kwa hilo. Mimi naona mikwaruzo ni jambo dogo. La maana ni kwamba mtu ameketi tena na randa mkononi, akiuliza yule wa kwanza alifikiri nini.

Na sisi je? Kwetu Kongo gitaa la umeme lilifika mapema. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alikuja nalo Léopoldville, katika studio ya CEFA, na vijana wa pale wakalipokea. Lakini mikono yetu haikungoja mizigo ya Ulaya. Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, alianzia kwenye gitaa alilojitengenezea mwenyewe kwa kopo, nyuzi zake zikiwa waya wa umeme uliochunwa. Mzee Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono, alitaka likembe yake isikike katika kelele za Kinshasa. Akaokota sumaku za vipuri vya magari makuukuu, akazungusha waya wa shaba, akapata pikapu. Ni kitu kilekile cha Fullerton, kimetoka kwenye jaa la vyuma.

Magitaa pia yalivuka mipaka kabla yetu. Orchestra Maquis ilitoka Katanga ikafika Dar es Salaam miaka ya 1970. Remmy Ongala alifuata mwaka 1978. Hao walikuja kupiga muziki. Sisi tulikuja kwa sababu nyingine.

Mwishoni mwa 1996, tulipokimbilia ziwani, mwenye mtumbwi alisema kila mtu na furushi moja. Baba mdogo alikuwa na gitaa lake, nakala ya Telecaster isiyo na jina, aliyoipata Uvira. Watu walikuwa wanasukumana, watoto wanalia, na yeye amechuchumaa mchangani anafungua skrubu kwa ncha ya kisu. Mama yangu alimfokea kweli. Akaitoa shingo, akaiviringisha kwenye kitenge pamoja na nguo za mtoto. Pikapu mbili na zile skrubu akazifunga kwenye leso. Mwili akauacha palepale ufukweni.

Baadaye nilimwuliza kwa nini shingo. Akasema: "Mti wa mwili utapata popote, mwanangu. Lakini hii shingo iko na vyuma vyake vimepimwa. Ukikosea kidogo tu, wimbo wote unapotea."

Shingo ile ilikaa miaka mitano juu ya kitanda chake, imening'inia kama fimbo ya mzee. Mwaka 2001 seremala mmoja jirani alipata ubao wa mninga uliobaki kwenye kazi ya mlango. Baba mdogo akamchorea umbo kwa mkaa sakafuni, kwa kumbukumbu tu. Mninga ni mzito, ukilivaa gitaa lile saa mbili bega linakuuma. Pikapu moja ilikuwa imekufa, waya umekatika kwa unyevu. Fundi redio akaufungua wote, akachukua waya kutoka kwenye transfoma ya redio mbovu, akauzungusha kwa mkono wa keekee. Tulikuwa tunahesabu kwa zamu. Nilipopoteza hesabu kwenye elfu tatu na kitu, akaniambia nianze tena, na sikupendezwa hata kidogo. Jumapili iliyofuata likapigwa kwa betri ya gari.

Wakati ule hatukujua habari za Fullerton. Baba mdogo hakuwahi kulisikia jina la Leo Fender. Lakini zile skrubu nne zilikuwa ujumbe wake, na ulimfikia pale mchangani.

Niliwaita wale vijana tena. Sikuwapa hotuba. Nilichukua bisibisi nikaifungua shingo mbele yao. Pale ndani, kwenye mninga, kuna maandishi ya penseli: jina la seremala, jina la baba mdogo, na mwaka. Walikaa kimya kidogo. Seremala alishazikwa hapahapa. Baba mdogo tulimzika mwaka 2014. Fundi redio alipelekwa nchi ya tatu, na kibanda chake sasa wanauza vocha.

Hilo ndilo linaloniumiza, kuliko gitaa kuwekwa pembeni. Mbao zipo. Waya unapatikana. Wa kuhesabu mizunguko ndiye anayekosekana.

Mchango wa gitaa la dukani bado unaendelea, na mimi nimetoa changu. Kwaya yenye magitaa mawili ni bora kuliko yenye moja. Lakini yule mdogo wao, ambaye siku ya kwanza hakusema neno, alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akashika pikapu, akaigeuza, akauliza: "Baba, hii waya iliingia mara ngapi?" Nikamwambia. Juzi amekuja na spika mbovu aliyoiokota, anataka tuitoe sumaku yake. Tumeitoa. Sasa tunatafuta transfoma.