Ndui: Ugonjwa Uliokufa, Jina Lililobaki

Fanya jaribio dogo. Ukiwa Buswahili, kule Butiama mkoani Mara, au Bunda mjini, au Musoma unasubiri gari stendi, muulize kijana wa miaka ishirini hivi: ndui ni nini? Usishangae akikujibu kwamba ni ugonjwa wa kuku. Vile vipele vinavyoota kwenye upanga na kuzunguka macho, mpaka kifaranga anashindwa kuona punje iliyo mbele yake.

Sasa muulize mtu aliyezaliwa miaka ya 1950. Huyu anaweza asiongee kwanza. Anakunja mkono wa shati, anakuonyesha kovu, kisha ndiyo anaanza kusimulia.

Neno ni lilelile, ila kila mmoja analitumia kwa ugonjwa wake. Ndui ya binadamu ilitangazwa kuwa imetoweka duniani tarehe 8 Mei 1980, katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani. Jina lake halikutoweka. Leo nataka tulifuatilie hilo jina, limetoka wapi na limepita wapi, halafu tuone kwa nini jambo hili si la walimu wa lugha peke yao. Kuna mtu mmoja nitakutajia hapo mbele ambaye ugonjwa wake uliitwa kwa jina lisilo lake mara mbili, na dunia nzima ilikuwa inausubiri.

"Small", mdogo kuliko nani?

Tuanze na Kiingereza, maana ndiko wengi wetu tulikolikuta neno hili darasani: "smallpox". "Pock" ni kipele kimoja chenye usaha. Vikiwa vingi ni "pocks", na baadaye watu wakazoea kuandika "pox". Kwa hiyo jina zima maana yake ni "vipele vidogo".

Hapo lazima ujiulize: vidogo? Ugonjwa ulioua takriban watu 3 kati ya kila 10 waliougua aina yake kali, ukawaacha wengine vipofu na wengine na makovu usoni maisha yao yote, unaitwaje mdogo?

Jibu ni kwamba jina hilo lilitokana na kulinganisha. Mwaka 1495, wakati majeshi ya Ufaransa yako Napoli huko Italia, ulilipuka ugonjwa ambao Ulaya haikuwa imeuzoea. Leo tunauita kaswende. Ulileta vidonda vikubwa vya kutisha, na Waingereza wakauita "great pox", yaani vipele vikubwa. Sasa ule wa zamani ukahitaji kutofautishwa na huu mgeni, ukawa "small pox". Wafaransa nao walifanya vilevile, wakasema "petite vérole", vérole ndogo. Udogo huo ulikuwa wa vipele. Haukuwa na uhusiano wowote na hatari ya ugonjwa.

Madaktari wao walitumia Kilatini: "variola". Neno hilo linaonekana mnamo mwaka 570 hivi katika maandishi ya askofu Marius wa Avenches, mahali palipo Uswisi ya leo, na linahusishwa na maneno yenye maana ya madoadoa au kipele. Baadaye tetekuwanga ikaitwa "varicella", ambalo ni "variola" lililofanywa dogo. Ni kama mtu aseme "kijindui". Jina hilo linakufanya uamini kwamba tetekuwanga ni mtoto wa ndui. Wala si ndugu. Kirusi cha tetekuwanga kiko kwenye familia nyingine kabisa, ile ya hepesi.

Ndui yetu

Waarabu waliita ugonjwa huu "judari". Tabibu Al-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 925 hivi, aliandika kitabu kizima cha kutofautisha judari na "hasba", ambayo ni surua. Kutofautisha tu kulihitaji kitabu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kiswahili kimechukua maneno mengi ya tiba kutoka Kiarabu. Homa ni ya huko. Tauni ni ya huko. Hata neno dawa lenyewe. Ungetegemea basi na ugonjwa huu tuuite "judari" au kitu cha kufanana nalo. Lakini hapana, tunasema ndui. Pamoja na biashara na ndoa za karne nyingi kati ya pwani na Uarabuni, jina la ugonjwa huu halikuazimwa.

Toka pwani sasa, twende bara. Mwingereza Richard Burton alipita njia ya misafara kati ya 1857 na 1859, na alipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, alikuta ndui imekuwa mkaazi wa pale. Kitabu chake cha 1860 kinasema kwamba muda mfupi kabla hajafika, ndani ya mwezi mmoja, walikufa watumwa 52 kati ya 800. Anaeleza pia wapagazi waliokuwa wakitembea njiani huku wanaumwa, wakipepesuka, na akina mama waliobeba watoto, mama anaumwa na mtoto anaumwa. Kwa hiyo njia zilizobeba pembe za ndovu na Kiswahili kuelekea bara zilibeba na ndui.

Burton anataja kitu kingine ambacho kinanivutia zaidi. Anasema kulikuwa na ugonjwa mwepesi uliofanana na tetekuwanga ya Ulaya, na watu waliuita "shurua". Umeliona? Neno ambalo yeye alilisikia likitumika kwa kitu kama tetekuwanga, sisi leo ni surua, ugonjwa mwingine kabisa. Majina ya magonjwa ya vipele yanahama. Mtu anatazama ngozi, anaona vipele, anachukua jina lililo karibu.

Na huku Mara? Mwaka 1890 na 1891 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliteketeza mifugo ya Afrika Mashariki. Wamasai walipoteza karibu ng'ombe wote. Baada ya ng'ombe ikaja njaa, na pamoja na njaa ikaja ndui. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipita Ngorongoro na Serengeti kuelekea Ziwa Victoria, akakutana na Wamasai waliokuwa mifupa mitupu kwa njaa. Jamii za magharibi mwa Serengeti, ambazo leo ni sehemu ya mkoa wa Mara, zilikumbwa na mfululizo huohuo wa njaa, magonjwa na watu kuhama makwao. Wamasai hawakuhangaika kutenganisha janga moja na jingine. Kipindi chote wakakiita "emutai", maangamizi. Mtu aliyepoteza ng'ombe, shamba na watoto ndani ya miaka miwili alihitaji jina la kubeba yote kwa pamoja.

Kuchanja kabla ya chanjo

Sasa hebu angalia neno ambalo unalisikia kila mwezi kliniki: chanjo. Linatokana na kuchanja. Tunachanja kuni. Mganga anachanja chale, anapaka dawa. Kuchanja ni kukata au kupasua. Sasa tone la polio linalodondoshewa mtoto mdomoni, nani kamchanja? Hakuna. Lakini tunaita chanjo, na hakuna anayeshangaa.

Ndui ndiyo inayoeleza. Kabla ya chanjo ya kisasa, watu wa sehemu nyingi duniani walijua kwamba aliyeugua ndui akapona haugui tena. Basi wakawa wanachukua usaha wa mgonjwa, wanamchanja mtu mzima wa afya, wanamtia ule usaha kidogo, augue kidogo halafu apone. Ilikuwa hatari, wengine walikufa, lakini wengi walinusurika. Burton aliikuta mbinu hiyo huko bara, ikifanywa na Waarabu, na chale ikipigwa katikati ya nyusi mbili.

Tarehe 14 Mei 1796, daktari Edward Jenner wa Uingereza alifanya jambo linalofanana, ila usaha aliutoa kwenye kipele cha ndui ya ng'ombe kilichokuwa mkononi mwa mkamuaji, Sarah Nelmes. Aliyechanjwa alikuwa mtoto wa miaka 8, James Phipps. Ng'ombe kwa Kilatini ni "vacca", na ndiko lilikotoka neno "vaccine". Kwa hiyo Mzungu akitaja chanjo anamtaja ng'ombe bila kujua. Mswahili akitaja chanjo anataja wembe bila kujua. Maneno yote mawili yalizaliwa kwa sababu ya ndui.

Hata kampeni kubwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza mwaka 1967 ilikuwa bado ya kuchanja kwa maana yake ya asili. Walitumia sindano yenye ncha mbili kama uma mdogo. Inachovywa kwenye dawa, halafu ngozi inachomwa-chomwa haraka mara 15. Kidonda kikipona kinaacha kovu. Makovu hayo ndiyo waliyonayo wazee wetu. (Usilichanganye na kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo watoto wanapewa mpaka leo.)

Mpishi wa Merca

Na sasa yule mtu niliyekuahidi. Anaitwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi katika hospitali ya Merca, Somalia. Alitakiwa awe amechanjwa, lakini alikwepa. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa maumivu.

Oktoba 1977 lilifika gari limebeba watoto wawili wenye ndui, dereva hajui njia. Maalin akapanda kumwelekeza. Safari yenyewe ilikuwa fupi, dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye akashikwa na homa. Wakasema ni malaria. Tarehe 26 Oktoba vipele vikatoka. Wakasema ni tetekuwanga. Muda wote huo anatembelewa na marafiki na jamaa, kwa sababu nani anamwogopa mtu mwenye tetekuwanga?

Ukweli ulipojulikana, ilibidi watu wote aliokutana nao watafutwe, na zaidi ya wakazi 54,000 wa eneo lile wakachanjwa ndani ya wiki mbili. Kwa bahati hakumwambukiza hata mmoja. Alipona. Akawa mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizi. Miaka mingi baadaye alifanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya polio, akiwaambia wazazi wasirudie kosa lake. Alifariki mwaka 2013, kwa malaria, akiwa kwenye kampeni hiyohiyo.

Al-Razi aliandika kitabu cha kutofautisha magonjwa ya vipele. Miaka elfu moja na zaidi baadaye, hospitalini, kwa mfanyakazi wao wenyewe, bado jina lilikosewa.

Leo inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu vipele vimerudi. Mwaka 1970, huko Kongo, mtoto mmoja aligunduliwa kuwa na kitu kilichofanana na ndui mahali ambapo ndui ilikuwa imekwisha. Ugonjwa huo ukaitwa ndui ya nyani, kwa sababu tu kirusi chake kilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani wa maabara huko Denmark. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza jina jipya, mpox. Machi 2025 Tanzania ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza wawili.

Kirusi cha mpox ni ndugu wa karibu wa kile cha ndui, kiasi kwamba chanjo ya ndui inakinga kwa sehemu kubwa dhidi ya mpox. Ina maana yule mzee mwenye kovu ana kinga ambayo wewe na mimi, tuliozaliwa baada ya kuchanja kusimamishwa, hatuna. Na ukitokwa na vipele, jina la kwanza litakalokuja mdomoni ni lipi? "Ah, tetekuwanga tu." Vipele vya tetekuwanga hutoka kwa awamu, vingine vibichi huku vingine vimekauka, na huwa vingi zaidi kifuani na mgongoni. Mpox mara nyingi inavimbisha tezi, na vipele vinaweza kutokea hata viganjani na kwenye nyayo. Ukiwa na shaka nenda zahanati, usijipe jina mwenyewe.

Na yule kijana wetu wa stendi? Usimcheke. Kirusi cha ndui ya kuku kweli kimo katika familia moja na ndui ya binadamu, ingawa hakiambukizi watu. Mfugaji aliyelipa gonjwa lile jina la ndui alipatia. Zaidi ya hapo, kuku huchanjwa dhidi yake kwa sindano yenye ncha mbili, inayotobolewa kwenye ngozi nyembamba ya bawa. Ukitaka kuona jinsi bibi yako alivyochanjwa, kaa na mtaalamu wa mifugo siku ya chanjo ya kuku.

Halafu rudi kwa mzee. Muulize ndui iliitwaje kwa Kijita, kwa Kizanaki, kwa Kikwaya, kwa Kikurya, kwa Kijaluo. Liandike jina hilo, na lililosimuliwa pamoja nalo. Waliochanjwa miaka ya 1960 bado wapo, ila kila mwaka wanapungua.