Mali yenye daftari nayo huliwa: historia ya fedha za misaada zilizopotelea kwenye semina

Kilindoni imekuwa mlango wa kisiwa cha Mafia tangu Wajerumani walipohamishia hapo makao ya utawala kutoka kisiwa kidogo cha Chole, mwaka 1913, wakitafuta bandari ya kupokea meli kubwa zaidi. Leo uwanja wa ndege uko hapo, gati liko hapo, na ofisi za wilaya ziko hapo. Mfadhili akija na mradi hujitambulisha kwanza Kilindoni, kisha ndipo anashika njia ya vijijini.

Na miradi imekuja. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Shirika la uhifadhi la WWF lilishirikiana nayo tangu mwanzo, na baadaye likaendesha programu ya RUMAKI iliyounganisha Rufiji, Mafia na Kilwa. Wavuvi wakazoea msamiati mpya: BMU (vikundi vya kusimamia rasilimali za pwani), VICOBA (benki za jamii vijijini), warsha, posho.

Hali hiyo haikuwa ya Mafia peke yake. Serikali ilipobanwa na hali ngumu ya uchumi miaka ya 1980, wafadhili walianza kupitisha misaada kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, na katika miaka ya 1990 asasi zikachipua kila mkoa. Nyingi zilifanya kazi ya kweli. Nyingine wananchi waliziita asasi za mfukoni: zina katiba, muhuri na akaunti ya benki, lakini ofisi hazina, na wanachama wake ni mke, mume na shemeji.

Hata hivyo, mifano mikubwa zaidi haikutoka kwa asasi hizo ndogo. Kuanzia 1994 hadi 2006 Norway iligharimia programu ya kusimamia maliasili ndani ya Wizara ya Maliasili na Utalii, wizara ileile ambayo hifadhi ya Mafia ilizaliwa chini yake. Programu nzima iligharimu takriban dola za Marekani milioni 60. Mwishoni wakaguzi walipofungua vitabu, walikuta malipo yasiyo na maelezo na fedha nyingi zilizoishia kwenye semina, safari na posho. Eirik Jansen, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya kazi katika ubalozi wa Norway Dar es Salaam, aliandika mwaka 2009 kwamba huenda nusu ya fedha hizo ilipotea kwa ufisadi na usimamizi mbovu. Serikali ya Tanzania ilikubali kurudisha sehemu ndogo tu.

Mwaka 2012 ikawa zamu ya mashirika. Ukaguzi wa miradi ya WWF Tanzania iliyofadhiliwa na Norway ulibaini udanganyifu katika madai ya gharama za safari. Wafanyakazi kadhaa waliondoka au kuondolewa kazini. Fedha zilizotajwa hazikuwa za mradi wa Mafia, lakini kisiwa kilichopokea wageni wa shirika hilo kwa miaka mingi kilikuwa na haki ya kushtuka. Ikiwa shirika lenye jina duniani kote, lenye wahasibu na wakaguzi wake, linaweza kuchezewa kwa risiti, asasi ya watu watano itanusurika vipi?

Uganda walishaliona hilo. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamisha misaada yake nchini humo, na tume iliyoongozwa na Jaji James Ogoola ikachunguza. Miongoni mwa walioburuzwa mahakamani alikuwa Teddy Cheeye, ofisa wa usalama aliyewahi kumiliki gazeti la kufichua mafisadi. Asasi yake ilijiita Kituo cha Uwajibikaji cha Uganda. Ilipokea zaidi ya shilingi milioni 100 za Uganda kwa kazi ambazo hazikufanyika, zikatolewa hesabu kwa stakabadhi za kughushi. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika visa vyote hivi daftari lilikuwepo, tena limejaa saini na mihuri. Waliotajwa ndani yake kuwa wanufaika ndio ambao hawakupata kulisoma. Mahudhurio ya semina huandikwa kijijini, lakini hesabu yake hupelekwa Dar es Salaam, kisha Ulaya. Mtu pekee anayejua kwamba semina haikufanyika ndiye asiyeulizwa.

Nchini Tanzania sheria zimeongezwa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 iliweka utaratibu wa usajili na kudai taarifa za kila mwaka. Kanuni za 2018 zikataka mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ipelekwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo, na marekebisho ya 2019 yakaongeza nguvu za usimamizi. Wanaharakati walilalamika kwamba kamba hiyo inaweza kumfunga mkosoaji wa serikali kabla ya mwizi, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Zaidi ya hapo, sheria hizo zinaipandisha hesabu juu, kwa mfadhili na kwa Serikali, ambako si rahisi kugundulika kuwa ni ya uongo.

Dawa iko karibu zaidi. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaupa kila kijiji mkutano mkuu, na mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo. Fedha za mradi nazo zisomwe hapohapo: kiasi kilichoombwa kwa jina la kijiji, kiasi kilichofika, na nani alilipwa posho. Asasi safi haina cha kupoteza kwa kusomewa hesabu mbele ya watu inaowahudumia. Inayokataa, wananchi waitilie shaka na mfadhili azuie fedha zake.

Msomaji, ukiombwa mchango au saini ya mahudhurio, uliza namba ya usajili, omba ripoti ya ukaguzi, na usiweke saini kwa siku ambayo hukuwepo.